Maji ya Aluka

Paulinus Emojong aliporudi kutoka masomoni Kampala, mwaka mmoja baada ya Uhuru, watu wa kwao Amagoro walidhani atafungua zahanati. Badala yake akachukua kazi ya utafiti katika kituo cha wagonjwa wa ukoma karibu na Busia. Alichunguza mishipa ya fahamu, apate kujua kwa nini mgonjwa wa ukoma huungua asisikie uchungu. Mgonjwa alifumba macho, naye Emojong akamgusa vidole kwa unyoya wa kuku, kwa ncha ya pini, kisha kwa vichupa viwili, kimoja cha maji moto, kingine cha baridi.

"Wenzangu wanatafuta dawa ya kuondoa maumivu," alizoea kusema. "Mimi natafuta ya kuyarudisha."

Kazi hiyo aliichagua kwa ajili ya mdogo wake, Amoit. Dawa zilimponya ukoma, na Egwang, kijana wa Malaba, akamwoa bila kujali maneno ya watu. Lakini mikono ilibaki na ganzi. Emojong alimwonya juu ya sufuria na mpini wa jembe. Maji ya mtoto hakuyataja. Mtoto hakuwapo bado.

Aluka alipozaliwa, mama mkwe wa Amoit ndiye aliyemwogesha. Siku moja mama huyo akaenda matangani Butula, na Amoit akachanganya maji mwenyewe. Mtoto akalia. Amoit akadhani anaona baridi, akaongeza maji moto.

Emojong aliwakuta hospitalini. Mtoto alipona, ila miguu ilijaa makovu.

"Alikuwa ananiambia, kaka," Amoit alisema. "Analia, ananiambia, na mimi naongeza."

Mama mkwe akamchukua mjukuu akamlee yeye. Egwang hakumfukuza mkewe, wala hakumpinga mamake; Amoit akarudi mwenyewe kwa kaka yake. Emojong akaenda Malaba kumwombea arudishiwe mtoto. Walimpa kiti, wakamkaribisha pombe ya wimbi.

"Daktari, hatumchukii dada yako," mama mkwe alisema kwa upole. "Lakini wewe unayeijua mikono ile, ungemwachia?"

Emojong akaiacha pombe, akaaga.

Akarudi kwenye vichupa vyake. Miaka miwili ikapita, akagundua kwamba wagonjwa waliowahi matibabu mapema wengine hurudiwa na hisia. Mzee mmoja alichomwa pini akalia kwa furaha. Amoit alikuwa amechelewa. Kila alipopimwa alibahatisha tu. "Moto," alisema, na kumbe ni baridi.

Siku moja ya soko Amagoro, mama mkwe alikuja na Aluka, ambaye sasa alikuwa anatembea. Wakazunguka pamoja na Emojong na dada yake, Amoit akitazama mbele, akiogopa kumkodolea mtoto macho asije akamtisha.

"Amoit," Emojong akamnong'oneza, "tazama chini."

Akatazama. Mtoto alikuwa amemshika kidole, tangu walipokuwa kwa wauza samaki.