Mkono Ambao Sikuuinua

Kifo cha mfungaji wa mizigo wa gati la Lindi nimekisikia kikisimuliwa kwa namna nne, na hakuna hata mmoja kati ya wasimulizi hao aliyekuwapo. Mmoja alisema mnyororo ulikatika. Mwingine alisema dereva wa winchi alisinzia. Wa tatu alileta habari za jini la ghuba, na huyo sikumsikiliza hadi mwisho. Wa nne alisema karani ndiye aliyeinua mkono. Karani huyo ni mimi. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka ukingo wa gati, na ninaandika hapa niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Pale ambapo sikuona, nitasema sikuona.

Miaka ile Uhuru ulikuwa ungali mpya, na vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vilikuwa vikipangwa huku kwetu. Makontena hatukuyajua. Meli ilitia nanga katikati ya ghuba, shehena ikateremshwa ndani ya matishari, yale mashua mapana yasiyo na injini, nayo yakavutwa hadi gatini. Hapo winchi yetu moja, mashine kuukuu iliyoachwa na wakoloni, iliinua mizigo kutoka tisharini na kuiweka juu. Kazi yangu ilikuwa kuandika alama na namba ya kila sanduku lililopanda.

Hatari ya gati lile ilitokana na maji. Maji yalipojaa, tishari lilikaribia usawa wa gati, na dereva aliona kila kitu. Maji yalipokupwa, hasa wakati wa bamvua, tishari lilishuka chini kabisa ya ukingo, na dereva, akiwa ameketi nyuma ya mitambo yake, hakuona ila mnyororo ukining'inia na kupotelea chini. Kwa sababu hiyo makuli walikuwa na utaratibu wao, uliokuwapo kabla yetu sote. Mfungaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuuzungusha mnyororo kwenye mzigo na kutia kulabu, aliita kwa sauti ya wimbo, "Umekaa?" Aliita hivyo mara kadhaa huku akifunga na kujaribu, na wenzake ndani ya tishari walinyamaza. Alipokwisha kutoka mzigoni, na kila mtu amejitenga kando, ndipo walipoitika kwa pamoja, "Umekaa, nyanyua!" Dereva alinyanyua kwa kiitikio hicho. Hakungoja kingine.

Msimamizi wa gati alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja shule ya kati, tukalala bweni moja, na siku nilipooa yeye ndiye aliyenisindikiza. Nilimweleza kwamba mashine isiendeshwe kwa sauti, kwani asiyeona hawezi kujua sauti imetoka kinywani mwa nani. Nilimshauri aweke mtu mmoja ukingoni, awaone walio chini na aonekane na dereva, ashike bendera, na winchi itii mkono wake peke yake. Alikubali, akamteua mtu. Makuli walimcheka mtu huyo kwa majuma mawili. Walimwita refa, wakamwuliza filimbi yake iko wapi. Hata hivyo winchi ilianza kutii mkono, na nyimbo zikapungua.

Ndipo ikaja mashine ya kusaga ya kijiji kimoja cha upande wa Nyangamara. Wanakijiji wenyewe walikuja kwa lori, wanaume kwa wanawake, wapate kuibeba kwa mikono yao, kama ilivyokuwa fahari ya siku zile. Viongozi wa wilaya nao walitarajiwa kutoa hotuba. Asubuhi hiyo msimamizi alimwondoa mpa ishara akamtuma kufunga turubai na kupanga viti. Nilimwuliza nani atasimama ukingoni. Alijibu kwamba ataniletea mtu kabla ya sanduku la kwanza. Nikasema basi winchi isimame mpaka mtu huyo afike.

"Bwana karani," aliniambia, "wageni wakikuta gati limenyamaza watadhani pana msiba. Waache waimbe. Mtu wako anakuja."

Mimi ambaye sikupata kupokea gunia bila kuiona alama yake, nilipokea neno lake. Mtu hakuja. Bahari ilikuwa imekupwa sana. Masanduku mawili ya kwanza yalipanda kwa wimbo, yakapanda salama, na wanakijiji wakajipanga ukingoni wakifurahia.

Sanduku la tatu lilikuwa la injini, zito kuliko yote. Mfungaji alikuwa na kazi ya kupitisha mnyororo chini yake. Aliita mara ya kwanza, wenzake wakanyamaza kama ilivyo desturi. Akaita mara ya pili, wakanyamaza. Asiyekulia huku kwetu huenda asielewe kilichofuata. Kwa watu wa bara ya Lindi, Wamwera na majirani zao, mtu akianzisha wimbo kazini na asiitikiwe, amedhalilishwa, na aibu ni ya waliokuwapo wakanyamaza. Wageni wale walimsikia mwanamume akiita chini, peke yake, akifanya kazi kwa ajili ya mashine yao, wala hakuna anayemjibu. Alipoita mara ya tatu waliitika wao, wote, kwa makofi na vigelegele. Maneno walikwisha kuyajua kutokana na masanduku mawili yaliyotangulia.

Dereva akanyanyua.

Sikumwona mfungaji wakati ule. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Niliinua uso kwa sababu kiitikio kilitoka upande usio wake, na nikaona mnyororo ukikaza, sanduku likipanda kwa upande mmoja, likazunguka na kuugonga ubavu wa tishari. Mfungaji alikuwa katikati. Alifariki hospitalini kabla ya sala ya alasiri.

Juma lililofuata ilikaa kamati ya uchunguzi ya watu watatu, katika chumba cha ghala. Sikuwa na wasiwasi. Nilidhani itaulizwa kwa nini ukingo uliachwa bila mtu, na kwamba msimamizi atajibu kama mtu mzima. Alisimama wa kwanza.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mpa ishara siku ile nilimpangia kazi nyingine. Bendera nilimkabidhi karani."

Aliyasema kwa sauti ile ile aliyonisomea barua za nyumbani nilipougua bwenini. Hakunitazama.

Akafuata dereva wa winchi, mzee wa Kimwera aliyekuwa mwanafunzi wangu katika darasa la watu wazima. Alihudhuria kila alasiri baada ya kazi, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuizoeza mikono yake, iliyozoea vyuma, kushika kalamu. Alisema aliuona mkono wa karani ukiinuka. Walipomsogezea wino atie dole gumba, aliusukuma kando akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, bila kuacha herufi. Mwenyekiti alimpongeza mbele ya watu, akasema hayo ndiyo matunda ya Uhuru.

Makuli wanne walirudia maneno hayo hayo. Ilipofika zamu yangu nilieleza habari ya wimbo, tangu mwito hadi kiitikio, na jinsi wageni walivyoitika kabla ya wakati. Mwenyekiti akawageukia makuli, akauliza kama winchi imewahi kunyanyuliwa kwa wimbo. Hakuna aliyekubali. Mmoja wao, aliyeimba mwito huo kwa miaka mingi kuliko marehemu, alinijibu mbele ya kamati.

"Karani, tangu lini chuma kikawa na masikio?"

Walicheka. Hata mwenyekiti alitabasamu.

Nilimfuata dereva nje, nikamkuta ameketi juu ya rundo la kamba.

"Mzee, uliuona mkono wangu?"

"Sikuuona, Mwalimu."

"Mbona umetia sahihi?"

Alinieleza bila kuficha. Msimamizi alikuwa amewakusanya, akawaambia kwamba wimbo ukitajwa, kundi zima litaondolewa kazini, na wanakijiji wale watashtakiwa kwa kumuua mtu siku waliyokuja kuchukua mashine yao. Kikao hicho sikukihudhuria. Nakiandika kwa sababu aliyenieleza alikuwamo na alikuwa akijishuhudia mwenyewe.

"Alisema wewe una cheti, utapata kazi popote," aliendelea. "Mimi nina winchi tu."

"Na jina langu, mzee?"

"Jina lako sisi tunalijua lilivyo, Mwalimu. Hao wengine wana haja nalo gani?"

Nilimwendea pia msimamizi, nyumbani kwake. Hakukana lolote. Alinikaribisha kitini, akaagiza chai, akaniambia kwa upole kwamba siasa yetu inatufundisha kubebeana mizigo, na kwamba mimi nina mabega. Chai ile sikuinywa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukasali msikiti mmoja, na sikupata tena kula chakula katika sinia moja naye. Watu walijaribu kutupatanisha. Niliwauliza kama naye yuko tayari kusema mbele yao kwamba bendera hakunipa. Hakuna aliyerudi na jibu.

Taarifa ilitoka. Niliondolewa gatini, nikapangiwa ghala la korosho huko bara. Kabla ya kuondoka nilikwenda Mitwero kwa mama mzazi wa marehemu, kwani yeye peke yake ndiye niliyetaka aujue ukweli. Nilimkuta uani akimenya muhogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda.

"Wewe ndiye uliyeinua mkono," alisema.

"Hapana, mama. Sikuinua."

"Basi aliinua nani?"

"Hakuna aliyeinua."

Alimaliza kumenya kipande alichoshika. Kisha akasema, "Mwenzako msimamizi alikuja hapa akanipa mtu wa kumlaumu. Wewe umekuja kuninyang'anya huyo, na hukuniletea mwingine."

Nikamweleza habari ya wimbo, kama nilivyoieleza kamati. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama mwanawe aliita, na kama wageni waliitika. Nikasema ndiyo.

"Kuitika ni kosa?"

"Si kosa, mama. Hawakujua."

"Wewe ulijua?"

Nilisema nilijua. Nilijua tangu sauti ilipotoka upande usio wake.

"Ukamwambia dereva, 'Bado'?"

Mnyororo ulikuwa umelegea. Dereva alihitaji kuvuta mtambo, na mnyororo ulihitaji kukaza kabla sanduku halijaondoka sakafuni. Neno hilo ni fupi, na nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimeshika kalamu na orodha ya masanduku, na nilikuwa bado namngoja mtu aliyeahidiwa na rafiki yangu.

"Sikusema," nilimjibu.

Aliutia muhogo ndani ya maji, akafuta kisu kwa upindo wa kanga, akaniambia niende na amani. Taarifa ya kamati ninayo mpaka leo, na nimeisoma mara nyingi. Imenishtaki kwa mambo matatu, kwamba nilipewa bendera, kwamba niliinua mkono na kwamba habari ya wimbo niliizua, na yote matatu ni ya uongo. Hilo la nne, la neno ambalo sikulisema, halimo.