Kamera ya Nyati Niliifunga Kwenye Mparachichi

Kosa ni langu, na ni la kijinga. Nilipewa kamera ya kupiga picha za nyati, nikaifunga uani kwangu, hapa Niboye, Kigali, ambapo mnyama mkali kuliko wote ni jogoo wa jirani.

Jina langu msilitafute. Huyo jirani, Mama Zainabu fundi cherehani, analijua, na ananiita kwa sauti mtaa mzima usikie. Adhabu hiyo inanitosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana magari, wana mashamba. Mimi nina kiti cha plastiki chini ya mparachichi, na sasa kimeshika umbo langu. Kunitoa hapo hadi stendi ya Nyabugogo, kwenye zile kelele na wale wapiga debe wanaokuvuta mkono kabla hujasema unakwenda wapi, yewe, ni kunionea!

Sasa sikieni. Mdogo wangu Vestine ameolewa huko mashariki, kijiji kilichobanwa katikati. Upande huu hifadhi, upande ule msitu mdogo wenye chemchemi. Nyati wakishikwa na kiu wanatoka hifadhini kwenda msituni, na njia yao ni mahindi ya Vestine.

Ushirika wa kijiji ukapatana jambo la busara. Kila mwenye shamba kwenye njia ile aache kipande bila kulima, kipandwe miti, pembeni wajenge uzio, nyati wapite zao kama wageni wanaoujua mlango. Wataalamu wanaita ushoroba. Kuna shirika lilikuwa likitoa ruzuku kwa kazi hiyo hasa, ya miti, ya uzio na ya kuwafidia waliokosa mavuno. Sharti lilikuwa moja tu: lione kwa picha kwamba wanyama wakubwa wanapita pale kweli.

Nani awe mjumbe wao Kigali? Kaka msomi! Eti kwa kuwa nilimaliza sekondari kule Karagwe, Tanzania, tulikokulia, na barua za ofisi sizikimbii. Nikaenda kuichukua kamera ofisini kwa lile shirika, dada mmoja na wenzake wakanielekeza. Inafungwa kwenye mti, kiumbe akipita mbele yake inapiga picha yenyewe. Walieleza na mambo mengine mengi, lakini mimi nilikuwa nawaza basi la kurudi nyumbani.

Nikaifunga kwenye mparachichi. Kuijaribu tu, jamani! Jumamosi niipeleke kwa Vestine.

Jumamosi ile ilinyesha. Iliyofuata ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na baada ya kufyeka mitaro yote ya mtaa, nani ana miguu ya kusafiri? Iliyofuata tena sikuwa na sababu yoyote. Nilikaa tu.

Vestine akawa anapiga simu, "Kaka, unakuja lini? Watu wameshaacha vipande vyao, msimu unapita, wananiuliza mimi."

"Wiki hii, mdogo wangu. Rwose, kweli kabisa, wiki hii."

Yule dada wa ofisi naye akapiga. "Kamera iko mahali pake?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Ningesema bado, angenipa muda. Nikasema, "Iko, dada. Inafanya kazi vizuri kabisa."

"Na nyati wanapita?"

"Wanapita! Tena wengi, mtawachoka wenyewe!"

Akasema niende ofisini.

Disi, maskini mimi! Kati ya yale mengi niliyoelekezwa bila kusikiliza, lilikuwemo hili: ile kamera ina laini ndani, kila picha inayopiga inaituma yenyewe ofisini. Mimi nilidhani picha zinalala ndani mpaka mtu azitoe.

Yule dada akanigeuzia kompyuta yake. Kuku. Kuku. Mama Zainabu anaanika mashuka. Jogoo akiichungulia kamera kama anaidai. Halafu mwanaume mwenye kaptula, tumbo nje, chapati mkononi, kwenye kiti cha plastiki. Picha iliyofuata, yule yule. Iliyofuata, kavaa shati, lakini kiti kile kile.

"Na huyu ni nani?" aliuliza kwa adabu. Bora angenitukana!

"Ni… mjumbe wa ushirika."

Hakucheka. Akasema ruzuku ya msimu huu inakwenda kwa kikundi kingine, na mwakani tukiomba tena wataangalia. Nikamsihi, kosa ni langu, wanakijiji hawajui lolote. Akajibu, "Nimekuelewa, kaka. Lakini picha ndizo hizo." Utamlaumu vipi? Na bado nilitoka mle nimemkasirikia yeye, ndivyo nilivyo.

Jioni nikampigia Vestine, nikamweleza yote, hata chapati, naye Mama Zainabu akisikia huku akianua mashuka.

"Umeshindwa kupanda basi tu, kaka?"

"Vestine…"

"Nyati wamepita juzi. Hawakupita kwenye vipande tulivyoacha, hakuna uzio wa kuwaongoza. Wamepita kwangu. Nimebaki na mabua." Akavuta pumzi. "Na vijana wameanza kutega nyaya. Nilikuwa nawazuia kwa kuwaambia kaka yangu yuko Kigali, analishughulikia. Sasa niwaambie nini?"

Sikupoteza mahindi yangu, nimepoteza ya mdogo wangu. Na yule nyati atakayenaswa kwenye waya hana hata habari kwamba alikuwa na mjumbe. Vestine hanipigii tena. Nikipiga mimi, anapokea mumewe, ananisalimia vizuri sana, na simu inaishia hapo.

Ninyi mnaokubali kubeba shida za watu kwa kuwa mnajua kuandika barua, nawaomba. Kama miguu yako haitaki kutoka nyumbani, sema mapema, apewe mwingine. Aibu ya kukataa inaisha siku hiyo hiyo. Hii yangu naiamkia kila siku.

Umuganda uliopita, tukiwa tumeegemea majembe tukingoja mkutano uanze, nilijitia kulalamika kwamba lile shirika lina roho ngumu, lingeweza kusubiri hata wiki moja lione wanyama. Mama Zainabu akajifuta jasho, akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndala.

"Hao wanyama shirika limewaona. Mkubwa wao alikuwa wewe, na picha zote hizo hujasogea hata hatua moja."