Marumaru ya Bwana Heri

Jamani, leo nimeona ukuta ukienda msikitini!

Jirani yangu Bwana Heri, karani wa shamba la mkonge, aliona nguzo za marumaru nyumbani kwa mkubwa wake kule Raskazone. Akarudi kwetu Ngamiani na makopo ya rangi ya mafuta. Ukuta wa baraza ukapakwa kijani, kisha michirizi myeupe ikachorwa kwa unyoya wa kuku.

Sisi wenye kuta za chokaa akatucheka.

"Chokaa yenu inachafua nguo za wageni!"

Kabla ya kupaka, fundi alikuwa amemsihi: "Tukwangue chokaa ya zamani kwanza, bwana, la sivyo rangi haitashika."

"Utakwangua mpaka lini? Ijumaa wanakuja kumposa binti yangu!"

Haya. Leo ndiyo Ijumaa.

Wazee wa posa wakafika baada ya Alasiri, kanzu nyeupe pepepe. Shikamoo, marahaba, halua, kahawa. Na mzee wa Tanga akishapewa kikombe cha kahawa, lazima aegemee ukuta.

Wakaegemea. Kwa joto hili!

Adhana ya Magharibi ilipolia wakainuka, na rangi ikainuka nao. Mapande ya kijani yamewaganda migongoni, michirizi na vyote. Ukutani kumebaki nini? Chokaa!

Bwana Heri akatazama chini, kama aliyeangusha sindano.

Semeni wenyewe, nicheke au nimpe pole?

Chokaa yetu hupanguswa kwa kiganja. Marumaru yake nimeswali nyuma yake sasa hivi, imejipanga safu ya mbele.