Msiba wa Nyoka wa Jirani

Jirani yangu hapa Reynoldsburg, Brian, anafuga nyoka na kuwazalisha. Aliposafiri kwenda Louisville kwa siku nne, aliniachia ufunguo nimbadilishie maji, ndani ya kizimba chake cha kioo, yule jike wake wa kahawia anayempenda kuliko wote. Mimi, ninayemkimbia hata mjusi, nikasema sawa.

Siku ya tatu nyoka alikuwa na macho meupe kama maziwa, hasogei kabisa. Nikajua nimeua.

Sisi Warundi tuliokulia kambini hatumpi mtu habari ya kifo kwa simu. Nikamwita Mzee Elia wa kanisani na akina mama wawili, tukamsubiri Brian kwenye ngazi za nyumba yake.

Alipofika na begi lake, Mzee akamshika mkono. "Keti kwanza, mwanangu." Nikatafsiri.

Brian akaketi, uso umempauka. "Ni mama yangu?"

"Ni nyoka," nikasema, nikaanza kulia.

Akakimbilia ndani. Mara tukasikia kicheko. Akatoka, nyoka shingoni aking'aa kama aliyepakwa mafuta, na mkononi ameshika ngozi kuukuu kama soksi ndefu. Kumbe alikuwa anajivua gamba tu! Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo Brian akauliza mbona vikombe vinne vya maji vimepangwa mlangoni kwa ndani. Nikatafsiri hilo pia.

Mzee Elia akanigeukia. "Mama Neema, hayo macho uliyaonaje?"

"Nilimpiga picha kutoka hapo mlangoni, Baba. Nikaikuza."