Jambazi Niliyemtambua kwa Koti

Mnicheke tu, nimestahili. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa natafsiri kwa kipaza sauti filamu za majambazi kwenye kibanda cha video hapa Nyamugari, Gitega, Burundi. Nikajiona naijua sura ya jambazi kuliko polisi.

Wanaume wawili wa makamo walikuwa wakikaa benchi la nyuma bila kusemezana. Mmoja alikuwa na koti refu jeusi na kovu shavuni. Mwenzake nadhifu, mpole. Benki ikivamiwa kwenye filamu, watu wote hunyamaza kwa hofu. Wao walicheka, taratibu, kwa pamoja, gizani. Nikaamua: mwenye koti ni jambazi, nadhifu ni polisi anayemchunga.

Juzi filamu ilipoisha nilimfuata yule nadhifu, nikamnong'oneza: "Afande, huyo jambazi mwenye koti unamwachia tu?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kinawaka. Mnong'ono wangu ukajaa kibanda kizima.

"Jambazi ni mi, kijana," akajibu bila haraka. "Huyu ndiye polisi alinifuata zamani mpaka mlimani Gasorwe. Alinikuta navuna maharage. Hakukuwa risasi. Tulishuka mlima tunaongea."

Kibanda kizima kikanyamaza. Wao wakacheka, taratibu, kwa pamoja.