Sakafu Inayonepa

Mchora ramani huyu ofisini kwao wanamwita Rula, kwa sababu amenyooka mwili na maneno pia. Alipopewa kazi ya kuchora shule mpya ya sanaa, alijua ni chumba gani kitamnyima usingizi: chumba cha ngoma. Alitaka sakafu ya mbao inayonepa, iliyoinuliwa kidogo juu ya zege, ili watoto wakiruka magoti yasiumie. Mama yake alifundisha ngoma maisha yake yote juu ya sementi. Siku hizi kwake kupanda ngazi mbili tatu ni safari.

Balaa lilikuwa kamati ya ujenzi wa shule. Humo hakuna aliyewahi kushika brashi, ila kila mmoja alitaka ofisi. Mkutano wa kwanza walimega chumba cha uchoraji, mweka hazina akapata pa kukaa. Wa pili, chumba cha kubadilishia nguo nyuma ya jukwaa kikageuka sebule ya mgeni rasmi. Rula akauliza wasanii wabadilishie wapi. Akaambiwa waje wamevaa kabisa.

Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, na ndiye aliyempigia debe apate kazi hiyo. Kumbishia ilikuwa kama kumeza mfupa. Walipofika kwenye sakafu, mjomba akasema vigae vinatosha, tena vinang'aa kwenye picha.

"Mwanangu, dada yangu kacheza kwenye sementi miaka yote hiyo. Alikufa?"

"Hakufa, mjomba. Ila hapandi ngazi."

Wajumbe wakakodolea vikombe vyao vya chai. Vigae vikapita.

Rula alirudi mezani kwake amevimba kama unga uliotiwa hamira. Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza. Akafuta maneno "Chumba cha Ngoma", akaandika "Ukumbi wa Kamati", akarudisha na mbao zake. Dari ya juu na vioo vya ukuta mzima hakuvigusa. Wakishatia sahihi, atarudisha jina.

Mara hii walipitisha kabla chai haijapoa. Mweka hazina peke yake ndiye aliyeuliza vioo vya nini. Rula, uso mkavu, akamjibu ni ili wajumbe wajione wanavyoamua. Hoja ikawakuna. Mmoja akaweka tai yake sawa palepale.

Sahihi zilipokauka alimfuata mjomba kwenye korido, akamweleza kuwa jina lile libadilishwe, kile ni chumba cha ngoma. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Makochi alikwisha kuyaagiza.

"Chumba kizuri namna ile tuwaachie watoto wakikanyage? Na wewe nawe. Watacheza uani."

Jioni akaenda kumsimulia mama yake, aliyekuwa amekaa na miguu juu ya stuli. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sakafu itanepea makalio ya kaka yangu."

Kisha akauliza huko uani kumewekwa nini. Sementi, binti akajibu, ili magari ya wageni yasishike vumbi. Mama akawa anasugua goti.

Kesho yake Rula alifuta sementi yote ya uani, akaacha udongo na nyasi, bila kumwomba mtu ruhusa. Ramani ikazunguka mikononi mwa kamati nzima na hakuna aliyegundua, maana uani hakukuchorwa kiti hata kimoja.