Kengele ya Ukumbi wa Tisa

Ersilia amelinda ukumbi wa tisa wa jumba letu la makumbusho, hapa Napoli, miaka ishirini na saba, na mimi, mlinzi mwenzake, sijawahi kumwona amekasirika kama wiki ile tulipofungua upya. Kuta zilipakwa rangi ya buluu, picha za miaka mia nne iliyopita zikapangwa upya, na kila moja ikawekewa kengele inayopiga kelele mtu akisogea karibu.

Haya, picha ya Mtakatifu Ana, mama yake Bikira Maria na mwombezi wa wajawazito, ilitoka kanisa la mtaani lililobomolewa na tetemeko. Kila Jumanne, siku yake, akina mama wenye binti mjamzito huja kugusa fremu. Jumanne ile kengele ililia mara kumi na moja kabla ya saa tano.

"Bi Nunzia, toa mkono! Hapa si kanisani!" Ersilia alimfokea mmoja wao.

"Picha ni yetu, kengele ndiyo yenu," Nunzia akamjibu bila kuondoa mkono. "Mama yako naye alimgusa huyuhuyu, ndipo ukazaliwa salama. Bora mama yako angempita tu bila kumgusa!"

"Mnanitia wazimu! Wote nje!"

Akawatoa, akafunga mlango. Sijashusha hata pumzi, kengele ikalia tena. Nikakimbia. Ersilia alikuwa peke yake, kiganja kwenye fremu, simu sikioni. Binti yake alikuwa leba tangu alfajiri.

"Unanikodolea macho ya nini?" akanifokea. "Nenda kazime hilo dude, sijamaliza!"